Sola juu ya paa la gari la kulala: betri inapata kiasi gani?

Muuzaji wa sola hutaja wati. Mwenye gari la kulala anayetaka kukaa porini siku kadhaa bila kuwasha injini anahitaji kujua jambo jingine, nalo ni ampea-saa ngapi zinazoingia kwenye betri tangu jua linapochomoza hadi linapotua, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoendesha friji usiku kucha, kuwasha taa, kusukuma maji na kuchaji simu. Tathmini hii ni ya mfumo uliofungwa kwenye Toyota Land Cruiser ndefu iliyogeuzwa kuwa gari la kulala hapa Arusha. Juu ya paa kuna paneli mbili za wati 100 kila moja. Ndani kuna chaji kontrola, yaani kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye betri, ya Victron SmartSolar MPPT 75/15, kipimo cha betri cha SmartShunt kutoka kampuni hiyo hiyo ya Uholanzi, na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100. Nimeupima mfumo huu kwa makusudi, kwenye jua kali na kwenye mawingu, na nasema mapema kwamba nimeridhika nao. Hata hivyo, kilichouinua zaidi hakikuwa kwenye paneli, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maandishi haya inaeleza namna ya kupima, ili anayesoma aujue ukweli wa mfumo wake mwenyewe hata kama vifaa vyake ni tofauti na vyangu.

Nianze na matumizi, maana bila kuyajua huwezi kusema kama sola inatosha au haitoshi. Mlaji mkubwa ni friji. Friji ya kompresa ya volti 12, yenye ujazo wa lita 40 hadi 50, huvuta kiasi cha ampea 4 inapofanya kazi, na hufanya kazi kwa vipindi: kwenye baridi ya ukingo wa Ngorongoro hupumzika sana, lakini kwenye joto la Ziwa Natron, au Tarangire mwezi wa Oktoba, kompresa inaweza kunguruma nusu ya muda wote. Nusu ya saa 24 kwa ampea 4 ni ampea-saa 48. Ukiongeza taa za LED, pampu, simu na kompyuta mpakato, unafika ampea-saa 55 hadi 60 kwa siku ya joto. Kambi za umma katika hifadhi zetu hazina soketi za kuchomekea magari kama zilivyo kambi nyingi za Ulaya, kwa hiyo kila ampea-saa iliyotumika lazima irudishwe ama na altaneta gari linapotembea, ama na jua linapokuwa limesimama.

Kosa linalorudiwa kuliko yote katika kupima sola ni kupima wakati betri imejaa. Mtu hutazama kontrola saa saba mchana, jua liko utosini, anaona ampea moja tu ikiingia, anahitimisha kwamba ameuziwa paneli mbovu. Kumbe kontrola imepunguza mkondo kwa sababu betri haihitaji zaidi. Paneli ina uwezo wa kutoa ampea 10, ila hakuna pa kuzipeleka. Ndiyo maana kabla ya kipimo chochote cha maana betri ishushwe kwanza. Iache friji na taa zitumie usiku kucha, au washa kitu kizito kwa inveta, hadi betri ya lithiamu ibaki na nusu yake au chini kidogo. Kwa mwenye betri ya maji au betri kavu ya risasi, asiishushe chini ya nusu, kwa kuwa kuishusha sana mara kwa mara kunaiua mapema. Sharti la pili ni kuitoa altaneta kwenye hesabu: injini isiwashwe siku ya kupima, na kama kuna relei au chaja inayounganisha betri ya injini na betri ya ndani, izimwe kabisa. Nimewaona watu wakiisifu sola yao baada ya safari ndefu, ilhali kazi yote imefanywa na altaneta tangu asubuhi.

Baada ya hapo ndipo unapokuja kwenye paneli yenyewe. Kibandiko kilicho nyuma yake kina mambo manne ya kusoma kabla haijafungwa juu ya paa: volti wakati haijaunganishwa na kitu, ampea wakati ncha zake mbili zimegusanishwa, kisha volti na ampea wakati inafanya kazi kwa uwezo wake wote. Kwa paneli ya wati 100 yenye seli 36, volti ikiwa wazi huwa karibu 22, ampea za kugusanisha karibu 6, na kazini huwa kiasi cha volti 18 kwa ampea 5.5. Namba hizo zimepimwa maabara, kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa la gari lililosimama juani, seli hufika nyuzi 60 au kupita hapo, na kila nyuzi moja inayozidi 25 hupunguza nguvu ya paneli kwa asilimia 0.35 hadi 0.4. Kwa hiyo paneli ya wati 100 iliyo nzima kabisa inakuwa paneli ya wati 86 au 88 hata kabla hatujagusa vumbi, waya wala kontrola. Nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya paneli na bati la paa, inayoruhusu upepo kupita, ni muhimu sana, na ndiyo sababu siwashauri watu wa huku kuchukua zile paneli nyembamba zinazopindika ambazo hugundishwa moja kwa moja kwenye paa. Hizo hupata joto kubwa zaidi, na maisha yake ni mafupi.

Kipimo cha kwanza kinahitaji multimita ya kawaida tu. Tenganisha paneli na kontrola, elekeza uso wake kwenye jua karibu saa sita na nusu mchana, ambao ndio wakati jua linapofika juu kabisa kwa saa za Arusha, upime volti. Ukipata 19 hadi 21 kwenye joto, paneli iko sawa. Kisha hamisha waya wa multimita kwenye tundu la ampea 10, ugusanishe ncha mbili za paneli moja kupitia mita hiyo, usome mkondo. Kugusanisha paneli hakuiharibu. Angalizo ni kwamba usifanye hivyo kwa paneli mbili zilizofungwa sambamba, kwani ampea zake zitapita 10 na kuunguza fyuzi ya mita, na usithubutu kufanya hivyo kwenye betri, kwa sababu mkondo wa betri unaweza kuyeyusha waya na kuunguza mkono. Paneli zangu zilitoa ampea 5 na nusu kila moja kwenye anga safi, na kwangu hilo lilitosha kuonyesha kwamba maandishi ya kibandiko yalikuwa ya kweli.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata mita, na nakitaja kwa sababu sokoni kuna paneli zenye vibandiko vya kutia shaka. Pima urefu na upana wa paneli kwa futi ya fundi, uzidishe upate eneo lake. Seli nzuri zinazouzwa kwa kawaida hugeuza kiasi cha asilimia 20 hadi 22 ya mwanga kuwa umeme, hivyo mita moja ya mraba ya paneli haiwezi kutoa zaidi ya wati 220 hivi. Paneli yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.54 ina eneo la mita za mraba 0.65, na kuandikwa wati 100 ni jambo la kuaminika. Paneli ya ukubwa huo huo ikiandikwa wati 200, kibandiko hicho ni cha uongo, na hakuna haja ya kusubiri jua ili kulithibitisha hilo.

Sasa nije mahali ambapo mfumo wangu ulikuwa ukivuja. Mara ya kwanza ulipofungwa, paneli zilipimwa zikawa nzima, kontrola ikaonyesha kazi, lakini betri ilikuwa haijai hata baada ya siku nzima ya jua. Fundi kijana wa umeme wa magari niliyemwita baadaye hakugusa paneli kabisa. Alisubiri mchana, betri ikiwa chini, akaweka mita moja kwenye ncha za kontrola na nyingine kwenye vichwa vya betri, akasoma kwa sauti: 14.1 huku, 13.3 kule. Tofauti ya volti 0.8 katika waya wa mita chache. Kisha akaufuata waya wa chanya kwa kidole hadi kwenye kishikio cha fyuzi, kile cha plastiki kinachouzwa kwa bei ndogo, akauondoa mkono haraka. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kulainika pale inapokutana na meno ya fyuzi. Akapima pande mbili za kishikio hicho peke yake: volti 0.4 huku ampea 9 zikipita. “Mama,” akaniambia, “umeme wako unaishia hapa.” Ampea 9 kwa volti 0.4 ni karibu wati 4 zilizokuwa zikipasha moto kipande cha plastiki kila dakika ya jua kali.

Hasara hiyo ina ubaya mkubwa kuliko hizo wati 4 zenyewe. Kontrola huamua hatua ya kuchaji kwa kusoma volti zilizo kwenye ncha zake, na haina njia ya kujua kilicho upande wa pili wa waya isipoelezwa. Ikiwa imepangwa kufika volti 14.2 na waya unapoteza nusu volti, itaona 14.2 wakati betri iko 13.7 tu, itaamini kwamba betri inakaribia kujaa, na itaanza kupunguza mkondo saa nne asubuhi huku siku nzima ya jua iko mbele. Betri ingejaa hatimaye, kwa kuwa mkondo ukipungua na upotevu wa kwenye waya hupungua, ila ingehitaji saa nyingi ambazo jua halina. Unene wa waya ndio dawa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ambao mafundi wengi huutumia kwa mazoea ya nyumbani, ukienda mita 3 na kurudi mita 3 kati ya kontrola na betri, hupoteza karibu volti 0.46 kwa ampea 11. Waya wa milimita za mraba 10 kwa umbali huo huo hupoteza volti 0.12. Tuliweka huo wa pili, tukabadilisha kishikio cha fyuzi kwa kile kinachofungwa kwa nati, tukasogeza kontrola karibu na betri, na kuanzia hapo tofauti kati ya mita mbili haijapita volti 0.15. Hakuna nilichonunua kwa ajili ya gari hili kilichonipa faida kubwa kwa fedha ndogo kiasi hicho.

Kuhusu kontrola yenyewe nina mengi mazuri ya kusema. Namba 75 katika jina lake ni kiwango cha juu cha volti za paneli inachoweza kuhimili, na 15 ni ampea za juu inazoweza kutoa kwenda kwenye betri, kwa hiyo kwa betri ya volti 12 paneli za hadi wati 220 hutumika kikamilifu. Paneli zangu mbili zimefungwa kwa mfululizo, volti zake zikiwa wazi hazifiki 45, na kwa namna hiyo waya unaoshuka kutoka paani hubeba ampea 5.5 tu badala ya 11, hivyo unene wake si tatizo. Kontrola inahitaji volti za paneli ziwe 5 juu ya volti za betri ili ianze kazi asubuhi, na mfululizo huo unaifanya iamke mapema, hata anga likiwa zito.

Wauzaji husema kontrola za MPPT huongeza asilimia 30 juu ya zile za PWM za bei nafuu. Katika nchi zetu sitegemei hivyo. Kontrola ya PWM huishusha paneli ifanye kazi kwenye volti za betri: ampea 5.5 kwa volti 13.3 ni wati 73. MPPT huiacha paneli kwenye volti zake bora, lakini volti hizo zenyewe hushuka kwa joto kutoka 18 hadi karibu 15.5, na hapo unapata wati 85. Faida ni asilimia 16 hivi, na katika asubuhi ya baridi inapanda. Mimi naiona ni faida ya kulipia kwenye gari, mahali ambapo paa halina nafasi ya paneli ya tatu. Nyumbani kwenye bati kubwa ningefikiri mara mbili.

Kinachonifanya niipende zaidi ni kumbukumbu zake. Haina skrini, mawasiliano yote ni kwa Bluetooth kupitia programu ya VictronConnect, ambayo ni ya bure kwenye simu, na humo huhifadhiwa historia ya siku 30: wati-saa zilizovunwa kila siku, nguvu ya juu iliyofikiwa, volti za chini na za juu za betri, na muda uliotumika katika kila hatua ya kuchaji. Hatua hizo kwenye simu huandikwa Bulk, ambapo betri hupokea kila kinachotoka juani. Absorption, ambapo volti zimefika kilele na mkondo unapungua taratibu. Na Float, ambapo betri imejaa na inatunzwa tu. Anayejua kuzisoma hatua hizo tatu anajua hali ya mfumo wake bila kugusa mita. Siku zikifuatana Bulk tangu asubuhi hadi jioni, betri haijai kamwe, maana yake matumizi yamezidi jua. Ikifika Absorption mapema asubuhi huku betri ilikuwa chini na wati-saa ni chache, shuku waya. Ikikaa Float kuanzia saa tano, una umeme wa ziada, na huo ndio wakati wa kuchaji kompyuta na kuishusha friji nyuzi mbili zaidi.

Mipangilio yake lazima iguswe siku ya kwanza. Ikitoka kwenye boksi imepangwa kwa betri ya risasi: volti 14.4 kisha 13.8, pamoja na marekebisho ya joto yanayopunguza volti kadiri joto linavyopanda. Kwa lithiamu chagua mpangilio wake, volti 14.2 kisha 13.5, bila marekebisho ya joto. Kwa wenye betri za risasi marekebisho hayo ni ya thamani, lakini bila kihisi cha kwenye betri kontrola hutumia joto lake yenyewe, hivyo ifungwe katika chumba kimoja na betri, wala isiwe karibu na injini.

Kivuli kinastahili kipimo chake. Chukua kitambaa cha ukubwa wa kiganja, ukiweke juu ya seli moja tu mchana wa jua, huku mwenzako anatazama wati kwenye simu. Kwa kuwa seli 36 zimeungana kwa mfululizo na kwa kawaida zimegawanywa makundi mawili, seli moja iliyofunikwa hulizima kundi lake lote, na kwa paneli zangu mbili robo ya nguvu hutoweka hapo hapo. Baada ya kuliona hilo kwa macho hutaacha tena galoni la maji, tairi la akiba au antena vikae vikiitupia paneli kivuli asubuhi. Na kuegesha chini ya mgunga, ambao watu husema kivuli chake ni chepesi, kunapunguza mavuno kuliko wingu jepesi. Kama unataka gari libaki na ubaridi, itabidi uwe na paneli ya kukunjwa inayotandikwa juani kwa waya mrefu. Kivuli na umeme wa paani haviendi pamoja.

Suala la kulaza au kuinamisha paneli halipaswi kumsumbua mtu wa huku. Maelekezo mengi ya magari ya kulala yanatoka Ulaya, ambako London mwezi wa Desemba jua la mchana halipandi zaidi ya nyuzi 15 juu ya upeo, na paneli iliyolala hupata robo tu ya mwanga wake. Arusha iko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata Juni, linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini, paneli iliyolala inapoteza asilimia 11 hivi saa za mchana. Mwenye kwenda na gari lake Ulaya ndiye anayehitaji miguu ya kuinulia.

SmartShunt ni kifaa ambacho wengi hukiona cha ziada, nami nakiona cha lazima kwa betri ya lithiamu. Betri ya risasi iliyopumzishwa saa kadhaa hujieleza kwa volti: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Lithiamu haifanyi hivyo. Volti zake hubaki karibu palepale, 13.2 au 13.3, ikiwa na theluthi mbili au karibu imejaa, kwa hiyo mita ya volti haikuelezi lolote la kutegemewa. Shanti hufungwa kwenye waya wa hasi na huhesabu kila ampea-saa inayoingia na kutoka. Sharti lake ni kwamba hasi zote zipite humo. Kwangu waya wa hasi wa friji ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, nati moja na kebo kubwa, na matokeo yake ni kwamba matumizi ya mlaji mkubwa kuliko wote hayakuhesabiwa. Simu ilisema asilimia 90 huku betri ikikaribia kuzima. Kuuhamisha waya huo upande wa pili wa shanti kulichukua dakika chache.

Mpangilio mmoja wa shanti una madhara ya moja kwa moja kwa sola. Kifaa hujirudisha asilimia 100 kinapoona volti zimepita kiwango fulani na mkondo umeshuka chini ya asilimia 4 ya ukubwa wa betri kwa dakika 3. Kiwango cha kuanzia ni volti 13.2, ambacho betri ya lithiamu huwa nayo karibu siku nzima. Wingu likipita dakika tano, mkondo unashuka, shanti inadhani betri imejaa, na hesabu yote inaharibika. Nimepandisha kiwango hicho hadi volti 14, karibu na kilele cha kontrola, na tangu hapo asilimia ninazozisoma jioni zinalingana na jinsi betri inavyofanya kazi usiku.

Kwa vifaa hivyo, na baada ya kurekebisha waya, haya ndiyo ninayoyapata. Kwenye anga safi karibu na saa sita na nusu, betri ikiwa nusu, kontrola huonyesha wati 145 hadi 150, yaani ampea 11 kwa volti 13.4, ambazo ni robo tatu hivi ya wati 200 za kibandiko. Kwa joto la paa na paneli zilizolala, hicho ni kiwango ninachokikubali bila malalamiko. Siku nzima ya jua zuri huleta wati-saa 700 au zaidi kidogo, sawa na ampea-saa 53 hivi. Hesabu ya kichwa inalingana: Tanzania hupata kati ya kilowati-saa 4 na 7 za jua kwa mita ya mraba kwa siku, ukichukua 5, ukazidisha kwa wati 200 na kutoa asilimia 30 ya upotevu, unafika 700. Arusha yenyewe mwezi wa Juni na Julai, mawingu yanapoufunika Mlima Meru hadi mchana, mavuno hushuka hadi 300 na wakati mwingine chini ya hapo, na mtu asidanganywe kwamba sola yake imeharibika. Vumbi nalo lina hesabu yake. Baada ya barabara ya kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi, lango la Serengeti, ambako udongo ni wa majivu ya volkano na hushika kama unga, nilisoma wati 125. Baada ya kufuta kwa kitambaa kilicholowa zikawa 145. Ifute asubuhi kioo kikiwa bado cha baridi, kwa maji mengi na bila kusugua na vumbi kavu.

Ukilinganisha na matumizi, mfumo huu unatosha kwa safari za nyanda za juu na unabaki na ziada. Kwenye joto kali unapungukiwa na ampea-saa chache kila siku, upungufu ambao betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inaubeba kwa siku nyingi, na mwendo mfupi wa gari unaufuta. Paneli moja ya wati 100 na friji hiyo hiyo isingetosha hata kwenye jua la Oktoba. Ningemwambia ukweli huo mtu yeyote kabla hajatoboa paa lake.

Bei ya kontrola na shanti kwa pamoja inauma, hasa ukilinganisha na kontrola za PWM zilizojaa madukani, ingawa dhamana ya miaka 5 ya mtengenezaji inapunguza maumivu hayo. Kwa mwenye taa na simu tu, asiye na friji, siushauri mfumo huu: betri ya risasi, paneli ya wati 100 na kontrola ya kawaida iliyofungwa kwa waya mnene zinamtosha. Kwa mwenye friji ambaye fedha zake haziruhusu kununua vyote mara moja, aanze na waya na vishikio vizuri vya fyuzi, kisha shanti ili ajue anachokipata, kisha MPPT. Paneli ya pili ije mwisho, baada ya vipimo kuonyesha kwamba inahitajika. Na kipimo cha ampea cha kubana, kile kinachobana waya kwa nje bila kuukata, atakapokwenda kukinunua, ahakikishe kinapima mkondo wa betri, kwa kuwa vingi vya bei nafuu vinapima umeme wa nyumbani pekee na kwenye waya wa sola vitamwonyesha sifuri.

Siku ya kukabidhiwa gari na fundi, chagua mchana wa jua na uje na betri iliyoshuka. Mwambie apime mbele yako volti za kontrola na volti za vichwa vya betri kwa wakati mmoja, mkondo ukiwa mkubwa. Tofauti ikizidi volti 0.2, kazi haijaisha, na malipo ya mwisho yasubiri.